Jirani Anapojibu "Sijambo" Katika Fukuto la Kaskazi

Alasiri moja ya Februari nilipita mbele ya chumba cha bibi mmoja wa mtaani kwetu, hapa Dar es Salaam, nikamwamkia kutoka kizingitini. Aliitikia marahaba, na nilipomuuliza hali akasema, "Sijambo, mwanangu," nami nikaenda zangu. Baada ya magharibi mjukuu wake alinijia mbio: bibi alikuwa akizungumza maneno yasiyoshikana, hamtambui yeyote, na mwili wake ulikuwa wa moto mno. Tulimmwagia maji, tukampepea njia nzima hadi hospitali, na kwa rehema za Mungu alipona. Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na kazi yangu ni kuyatambua mambo kama haya kabla hayajafika huko. Bibi hakunidanganya, alinijibu kama adabu yetu inavyotaka mtu mzima ajibu. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nililipokea jibu la salamu kana kwamba ni jibu la uchunguzi.

Ili kuelewa kilichokuwa kikimtokea, tuanze na jasho. Mwili hujitahidi kubaki karibu na nyuzijoto 37, na njia yake kuu ya kujipoza ni jasho, lakini jasho halipozi kwa kutoka tu, bali kwa kukauka juu ya ngozi na kuondoka na joto. Hapo ndipo pwani inapotuelemea. Kuanzia Desemba hadi Machi hewa imejaa unyevu wa bahari, na mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Kipimo cha mchana huwa nyuzi 32 au 33, kiwango ambacho mtu wa Khartoum angekiona cha kawaida, ila katika fukuto letu jasho hutiririka bila kukauka, na moyo hulazimika kuongeza kasi ya kusukuma damu kuelekea kwenye ngozi huku maji ya mwili yakipotea. Isitoshe, kipimo kinachotangazwa huchukuliwa kivulini, mahali penye hewa inayopita. Chumba cha bati lisilo na dari, chenye dirisha moja lililofungwa kwa hofu ya vibaka na jiko la mkaa kwenye ukumbi, kina hali yake ya hewa peke yake, na kuta zake za tofali za saruji huendelea kutoa joto hadi usiku wa manane. Ndiyo maana huwa nasisitiza kwamba jirani hawezi kupimwa kutoka mlangoni, kwa sababu anayesimama nje anahisi upepo ambao aliye ndani hana.

Wazee ndio wanaonipa hofu kubwa zaidi. Umri unapoongezeka kiu hupungua, kwa hiyo mzee anaweza kukaukiwa maji mwilini bila kuhisi kwamba anahitaji kunywa. Lakini kuna sababu nyingine ambayo nimeikuta nyumba baada ya nyumba, nayo haihusiani na kiu hata kidogo. Choo kiko uani, sakafu yake ni telezi, usiku hakuna taa, na magoti yanauma. Mzee anayejua kwamba kila kikombe cha maji kitamdai safari ya gizani huamua, kwa akili zake timamu, kupunguza vikombe. Ukimhubiria faida za maji atakusikiliza kwa heshima na hatabadilisha chochote. Ukimwekea ndoo yenye mfuniko chumbani, au ukakubaliana na kijana wa nyumba ya jirani amsindikize kabla ya kulala, atakunywa.

Dawa nazo zina sehemu yake. Wagonjwa wengi wa shinikizo la damu hutumia vidonge vya kuongeza mkojo, na baadhi ya dawa nyingine za presha huuzuia moyo kuongeza kasi pale joto linapoutaka uongeze. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili hupunguza jasho au huvuruga uwezo wa mwili wa kujirekebisha, na kwa kuwa wagonjwa hao mara nyingi hukaa peke yao, wengine wakifungiwa ndani na ndugu, ningependa wawe wa kwanza kukumbukwa. Hakuna anayepaswa kuacha dawa kwa kusoma maneno haya. Kinachotakiwa ni kumuuliza daktari au mfamasia, mapema kabla ya Januari kuisha, kama dozi inahitaji kuangaliwa upya. Vilevile agizo la jumla la "kunywa maji mengi" si salama kwa kila mtu, kwani mgonjwa wa moyo uliochoka au wa figo huenda amepewa kiwango maalumu cha maji kwa siku, na jirani mwema anayemshindilia lita tatu anaweza kumdhuru.

Mwenye selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita, anapopungukiwa maji chembe zake za damu hunasa kwenye mishipa na kumletea maumivu makali, kwa hiyo familia yenye mtoto wa namna hiyo haihitaji kusubiri dalili ya joto ndipo isaidiwe. Mtoto mchanga wa chini ya miezi sita hapewi maji hata katika joto hili. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na mama ndiye apewe maji. Mjamzito, fundi anayepiga zege juani na mpishi wa jikoni kwenye moshi wamo pia katika orodha hii, ingawa wao kwa kawaida huonekana na watu. Anayenitisha ni yule asiyeonekana.

Chicago ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mwezi Julai 1995 wimbi la joto la siku chache liliua watu zaidi ya 700 katika jiji hilo, na wengi wao walikuwa wazee waliokuwa wakiishi peke yao nyuma ya milango iliyofungwa. Joto kali liliporudi mwaka 1999, jiji lilituma watu kubisha hodi kwa wazee wa aina hiyo, na ingawa vifo vilitokea tena, vilikuwa vichache sana kuliko vya awali. Sisi uswahilini hujifariji kwamba hakuna anayeishi peke yake. Ni kweli kwamba nyumba ina wapangaji sita, lakini saa nane mchana wote wako kazini au sokoni, na mzee amebaki na redio yake.

Basi nimebadilisha maswali. Salamu huitoa kamili, kwa kuwa ni haki yake, kisha huomba kuingia na kuketi, na huuliza mambo ambayo adabu haijayaandalia jibu. Tangu asubuhi, umekwenda haja ndogo mara ngapi? Mkojo ulikuwa na rangi ya chai? Kikombe cha mwisho cha maji ulikunywa kabla ya adhuhuri au baada yake? Jana usiku ulipata usingizi? Wakati ananijibu huwa nimemshika mkono kama mtu anayezungumza na mama yake, na kwa namna hiyo naujua mwili wake ulivyo na mapigo ya moyo yanavyokwenda. Mwanamume hataongea nami habari za haja ndogo, kwa hiyo kwa wazee wa kiume humtuma mume wangu au kijana wanayemwamini.

Kinachofuata ni kazi nyepesi. Fungua dirisha la upande wa kivuli, hamishia jiko nje, na kati ya saa sita na saa kumi mtoe mzee akae barazani au chini ya mti, kwani chumba cha bati saa hizo si mahali pa kupumzikia. Feni ina faida, ila hewa ya chumbani ikizidi joto la mwili, feni inayompulizia mtu mkavu humwongezea joto. Mloweshe kwanza kwa khanga iliyokamuliwa, ndipo uiwashe. Chandarua hupunguza upepo, nami najua wengi hukivua usiku kwa sababu hiyo, lakini mbu hawapumziki kaskazi. Afadhali aoge maji dakika chache kabla ya kuingia kitandani, alale na khanga yenye unyevu, na chandarua kibaki.

Ramadhani sasa inaangukia katika msimu huu: mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na mwaka 2026 imesogea hadi Februari. Wazee wengi ninaowahudumia huona aibu kula mchana hata pale dini yenyewe imewapa ruhusa. Nimeona neno moja la imamu wa msikiti wa karibu likifanya kazi kuliko ziara zangu tano, kwa hiyo humwendea yeye mapema na kumweleza nani anatumia insulini na nani ana figo, kwa idhini ya wenyewe.

Sasa hatari yenyewe. Mtu mwenye kizunguzungu, kichefuchefu na jasho jingi, lakini anayejitambua, alazwe kivulini, alegezewe nguo, apozwe, na anyweshwe taratibu mchanganyiko wa chumvi na sukari wa pakiti moja kwa lita moja ya maji. Akianza kuchanganyikiwa, akadegedega au akazimia huku mwili unawaka, hicho ni kiharusi cha joto, na kila dakika ina thamani. Wengi wetu husema ni malaria na kukimbilia paracetamol. Katika homa, ubongo wenyewe umepandisha kiwango cha joto unachokitaka, na paracetamol hukishusha. Katika kiharusi cha joto ubongo haukupandisha chochote, ila mwili umeshindwa kujipoza, hivyo kidonge hakina pa kushika. Maji ndiyo dawa: mmwagie mwili mzima, mpepee kwa nguvu, weka barafu kwapani na kwenye nyonga ikipatikana, usimnyweshe chochote asiyejitambua, na mwendelee kumpoza ndani ya bajaji hadi hospitali. Malaria itapimwa huko huko.

Katika uchochoro wetu tumegawana saa. Kijana wa dukani hupita saa nane mchana na maji ya mtungini, jirani wa ukuta mmoja ana ufunguo wa akiba, na mimi hupita saa mbili usiku nikitoka kazini. Nyuma ya mlango wa bibi tumebandika karatasi yenye namba ya mjukuu wake na majina ya dawa zake. Ninapobisha hodi bado hunijibu sijambo, nami humshukuru Mungu pamoja naye, kisha huvua viatu na kuingia.