Chui wa theluji si chui aliyepauka

Wengi wetu tumeamini kwamba chui wa theluji ni chui yuleyule wa porini kwetu, ila baridi imempausha manyoya. Jina ndilo linalotupotosha. Uchunguzi wa vinasaba unaonyesha kuwa ndugu yake wa karibu zaidi ni chui milia, yule mkubwa wa Asia mwenye mistari. Hata sauti inamtenga: hangurumi kama simba. Hupumua kwa mkoromo mwepesi puani, na msimu wa kutafuta mwenza hulia kwa sauti ndefu ya huzuni.

Wala theluji si makao yake hasa. Makao yake ni miamba mikali ya milima ya Asia, katika nchi 12, kuanzia Afghanistan hadi Mongolia. Mkia wake, unaokaribia mita 1, humpa mizani anaporuka majabali, na akilala hujifunika nao uso.

Mwaka 2017 alishushwa daraja moja katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Baadhi ya watu walielewa kwamba amepona. La hasha! Bado anawindwa kwa ajili ya ngozi na mifupa, na wafugaji humuua kwa hasira. Na hasira hiyo naielewa, maana akiingia zizini anaweza kuua mbuzi wengi kwa usiku mmoja. Huko Ladakh, India, mazizi yaliyoezekwa kwa wavu wa waya yamewaokoa mbuzi, na yeye pia.