Sampuli za Morella: jike, dume na yale ambayo karatasi haiyahifadhi

Kwenye kabati langu hapa Malindi zimo sampuli, yaani matawi yaliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, za kichaka kisichoota Pwani. Ni Morella salicifolia, wa familia ya Myricaceae, mmea wa nyanda za juu kuanzia Ethiopia kuja Kenya na kuendelea kusini. Anayetaka kuuona ukiwa hai lazima aende bara.

Hata hivyo, jamaa yake tunaye hapa: mvinje. Mimea hii miwili imo katika oda moja (kundi la familia zenye undugu), Fagales, na yote ina vinundu mizizini vinavyokaliwa na bakteria wa Frankia. Bakteria hao huchukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Ndiyo maana mvinje hustawi kwenye mchanga mtupu wa ufuoni, na ndiyo maana Morella cordifolia huweza kuishi kwenye vilima vya mchanga vya pwani ya Afrika Kusini. Sampuli nyingi za vichaka hukatwa tawi tu. Kwa familia hii mimi hufukua kidogo pembeni mwa shina, nikapata kipande cha mzizi chenye vinundu, nikakikausha pamoja na tawi lake.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote kwa vijana ninaowafundisha ni hili: Morella kwa kawaida ina mti dume na mti jike. Tawi la dume lina vishada vya maua vinavyomwaga chavua kwa upepo, na halitazaa kamwe. La jike ndilo lenye vitunda vidogo vya vipelevipele, vilivyopakwa nta. Ukileta tawi moja, umeleta nusu ya habari. Kata kote kuwili, kila mti na namba yake, wala usichanganye matawi yao kwenye karatasi moja ukadhani unaokoa nafasi. Atakayekuja kusoma karatasi hiyo atauona mmea mmoja wenye jinsia zote mbili, na kosa hilo litaingia vitabuni.

Nta yenyewe inataka uangalifu. Huko Marekani watu waliichemsha kutoka kwenye matunda ya Morella cerifera wakatengeneza mishumaa, maana haihitaji joto kali ili iyeyuke. Kwa hiyo sikaushi matawi ya jike karibu na moto. Nayabana kati ya magazeti na kadibodi, nafunga kwa mikanda, kisha nabadilisha magazeti kila siku mpaka majani yakauke kabisa. Kwa hali ya hewa yetu, hasa wakati wa masika, ukiacha gazeti bichi usiku wa pili utakuta kuvu. Zikishakauka nazifunga kwenye plastiki na kuzitia kwenye friza ili wadudu wafe, kabla hazijaingia kabatini.

Halafu kuna harufu. Jani la Morella lina vitezi vidogo vya rangi ya dhahabu upande wa chini, na ukilifikicha linanukia vizuri sana. Harufu hiyo hufifia kadiri miaka inavyopita. Rangi ya maua nayo hubadilika, na urefu wa mti hauwezi kuonekana kwenye karatasi ya takriban sentimita 42 kwa 28. Haya yote huandikwa palepale porini, kwa penseli, pamoja na mahali, mwinuko, tarehe, aina ya udongo na mimea jirani. Lebo ikikosa mahali na tarehe, mimi siihesabu sampuli hiyo, hata iwe imebanwa vizuri namna gani.

Karatasi za zamani mtazikuta zimeandikwa Myrica salicifolia. Wataalamu wa mimea Verdcourt na Polhill waliuhamishia mmea huu kwenye jenasi (kundi la spishi) ya Morella mwaka 2000. Jina la zamani halifutwi wala lebo haibanduliwi: hubandikwa kikaratasi kipya kando yake, chenye jina jipya, jina la aliyeuhakiki mmea, na mwaka.