Biolojia ya chuo kikuu: kozi zipi zipo na ndani yake kuna nini

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ikafungua dirisha la udahili, simu huanza kuingia. Wazazi hupiga, walimu wa sekondari hupiga, na vijana wenyewe wa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) na CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) hutuma ujumbe usiku wa manane. Swali ni lile lile: "Mwalimu, huyu amekosa udaktari, naona amepata biolojia. Sasa atafanya nini nayo?" Mimi nafundisha ekolojia kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, na kila nikiulizwa hivyo naumia, maana muulizaji ameshaiweka biolojia kwenye fungu la kifuta machozi kabla hata ya kujua inafundisha nini. Nitaeleza hapa kozi zilivyo, nikichukua mfano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nitamtumia mnyama mmoja ambaye Watanzania wengi wamemsikia bungeni na magazetini: chura wa Kihansi.

Tuanze na kozi zenyewe. Mlimani, kama tunavyokiita chuo hicho, biolojia imegawanywa katika idara kadhaa. Ipo ya zuolojia na uhifadhi wa wanyamapori, ipo ya botania, ipo ya biolojia ya molekuli na bayoteknolojia, na wale wa majini wana shule yao ya sayansi za majini na teknolojia ya uvuvi, yenye kituo Kunduchi. Humo ndimo zinamotoka shahada za wanyamapori na uhifadhi, za zuolojia, za mimea, za mikrobiolojia, za bayoteknolojia, za uvuvi. Kisha wapo wanaosoma biolojia pamoja na ualimu, na hao ni wengi. Kwa kawaida ni miaka 3. Kuingia, kigezo cha chini cha kitaifa ni kufaulu masomo mawili ya mchepuo kwa daraja la E au zaidi, jumla ya pointi zisipungue 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hicho ni kigezo cha chini tu. Kila kozi ina masharti yake, mengi yakidai Biolojia na Kemia kwa majina, na orodha hubadilika, kwa hiyo soma mwongozo wa TCU wa mwaka wako mwenyewe, usisome wa kaka yako.

Mwaka wa kwanza hushangaza wengi kwa sababu unafanana sana baina ya kozi. Utakutana na biolojia ya seli, jenetiki, wanyama wasio na uti wa mgongo, mimea isiyotoa maua na inayotoa maua, bayokemia ya msingi, na pembeni yake masomo ya lazima ya maendeleo na stadi za mawasiliano. Mtu aliyekuja kusoma tembo anajikuta wiki nzima na minyoo na kuvu. Hapo ndipo malalamiko huanza, na hapo ndipo napenda kusimama kidogo, kwa sababu prakti, yaani mazoezi ya maabara, za mwaka wa kwanza ndizo zinazomfundisha mtu kuona.

Chukua prakti ya mzizi wa kitunguu. Kitunguu maji cha sokoni kinakalishwa juu ya glasi ya maji, sehemu ya chini ikigusa maji, na baada ya siku chache kinatoa mizizi myeupe. Unakata ncha, unazihifadhi kwenye mchanganyiko wa alkoholi na asidi ya asetiki ili seli zibaki kama zilivyokuwa dakika ile, kisha unazipasha katika asidi ya haidrokloriki kwenye nyuzi 60. Asidi inalegeza kile kinachozigandisha seli pamoja. Unatia rangi, unabakiza milimita moja au mbili za ncha kwenye slaidi, unafunika kwa kioo chembamba, unaweka karatasi ya kunyonya maji juu yake, na unabonyeza kwa dole gumba, wima, bila kusugua. Ukisugua umeharibu. Ukibonyeza vizuri, chini ya hadubini utaona seli zimetandazika safu moja, na ndani ya baadhi yake kromosomu zimejikunja kama nyuzi nyekundu. Kitunguu kina kromosomu 16, na slaidi ikiwa nzuri utazihesabu.

Wengi huchora na kuondoka. Mwanafunzi tunayemtafuta ni yule anayehesabu seli 200 na kuandika ngapi zipo katika kila hatua ya kugawanyika. Kwa nini? Kwa sababu hatua inayochukua muda mrefu ndiyo utakayoikuta kwenye seli nyingi. Tuseme mzunguko mzima wa seli ni saa 20, na katika kila seli 100 umekuta 5 zipo kwenye hatua ile ambayo kromosomu zimejipanga katikati. Hatua hiyo basi inachukua kama saa 1. Umepima muda kwa kutumia seli zilizokwisha kufa, bila saa yoyote. Sekondari ulikariri majina ya hatua hizo, chuoni unatakiwa kuzitumia kujua kitu ambacho hakuna aliyekuambia.

Sasa tuje kwa chura. Mwaka 1996, wakati wa tafiti za mazingira zilizoambatana na mradi wa umeme wa Kihansi, kwenye mteremko wa milima ya Udzungwa, watafiti walimkuta chura mdogo mno ambaye hakuwa kwenye kitabu chochote. Aliishi kwenye ukungu wa maporomoko tu, eneo la kama hekta 2, na hazai mayai ya kuacha majini kama vyura wengi. Anazaa watoto walio kamili, wadogo kuliko punje ya mchele. Alipewa jina la Nectophrynoides asperginis, na miongoni mwa wanasayansi waliomwelezea rasmi yumo Kim Howell, aliyefundisha zuolojia Mlimani kwa miaka mingi. Somo linalohusika hapo, la kutambua viumbe, kuwapa majina na kuwapanga kwenye makundi, linaitwa taksonomia, na wanafunzi hulikwepa kwa kuwa lina Kilatini kingi. Lakini bila mtu aliyezoea kuangalia vyura wa jenasi ile, vidole vyao, tezi zao, ngozi zao, huyu angepita kama chura mwingine wa mtoni. Usichoweza kukitofautisha huwezi kukihifadhi, wala huwezi kudai kimepotea.

Maji ya mto yalipoelekezwa kwenye mitambo mwaka 2000, mtiririko wa maporomoko ulipungua kwa takribani 90%. Ukungu ukakatika. Hapa anaingia mwanaekolojia kuuliza mnyama huyu anategemea nini hasa, na mwanafiziolojia kumjibu kwamba chura anapumua na kunywa kwa ngozi pia, kwa hiyo unyevu wa hewa kwake ni uhai. Ikajengwa mifumo ya mabomba ya kunyunyiza ukungu wa kutengenezwa. Kabla mwaka haujaisha vyura kama 500 walisafirishwa kwenda bustani za wanyama za Marekani, wakaishia hasa Bronx na Toledo, na huko wengi walikufa miaka ya mwanzo hadi pale mahitaji yao ya mwanga na lishe yalipoeleweka vizuri.

Kule bondeni idadi ilionekana kupanda hadi karibu 20,000 mwaka 2003, kisha ikaporomoka ndani ya muda mfupi. Kuvu anayeshambulia ngozi za vyura, Batrachochytrium dendrobatidis, alikutwa kwa vyura waliokufa. Yapo pia maelezo mengine, likiwemo la tope lililoachiwa kutoka bwawani, na mjadala wa uzito wa kila sababu haujafungwa. Mwaka 2009 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ikatangaza kwamba porini hayupo tena. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa nchini na kutunzwa kwenye maabara maalumu Mlimani, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Wakati wa kuwarudisha linaibuka swali la jenetiki: ukoo mzima uliotokana na wazazi wachache una utofauti kiasi gani wa jeni, na je, utamudu ugonjwa ukija tena?

Nimemsimulia chura huyu kwa urefu kwa makusudi. Taksonomia, ekolojia, fiziolojia, mikrobiolojia na jenetiki ni majina matano kwenye ratiba ya mwanafunzi, kila moja na mwalimu wake na mtihani wake, na mwanafunzi huyaona kama vitu vitano. Bondeni Kihansi ni tatizo moja. Kozi nzuri ya biolojia ni ile ambayo kufikia mwaka wa tatu mwanafunzi amewahi kulazimishwa kuyaunganisha kwa mikono yake, na hilo hutokea mahali pawili: kwenye fildi na kwenye projekti ya mwaka wa mwisho.

Kabla sijafika huko, nina neno kuhusu takwimu. Hili ndilo somo linaloogopwa kuliko yote, na nikiambiwa nichague moja lisilofutwa, nitachagua hilo. Ile 20,000 niliyoitaja haikupatikana kwa kuhesabu chura mmoja mmoja. Hakuna anayeweza. Mwanabiolojia anahesabu sehemu na kukadiria zilizobaki, na lazima aseme makadirio yake yanaweza kukosea kwa kiasi gani. Mfano rahisi tunaoufanya na wanafunzi ni wa samaki bwawani. Unavua samaki 50, unawatia alama, unawaachia. Baada ya siku kadhaa unavua 60, unakuta 15 wana alama. Robo ya uliowavua wana alama, kwa hiyo wale 50 ni kama robo ya bwawa zima: samaki 200. Hesabu ni ya darasa la saba. Biolojia inaanza pale unapouliza: je, waliotiwa alama walikufa kwa kujeruhiwa? Je, wamejifunza kuogopa wavu? Je, mvua ilinyesha katikati bwawa likaungana na mto? Kila jibu la "ndiyo" linaisogeza ile 200 juu au chini, na mwanafunzi anayejua inasogea upande gani ameiva. Samaki waliotiwa alama wakifa, utawakuta wachache kwenye wavu wa pili, na utadhani bwawa lina samaki wengi kuliko lilio nao. Sasa fikiria kosa hilo likifanywa na anayepanga viwango vya uvuvi wa dagaa Ziwa Victoria.

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo ya wakati wa likizo ndefu, hufanyika kwenye taasisi: hifadhi, maabara, kampuni, vituo vya utafiti. Ushauri wangu kwa mwanafunzi ni asitafute jina kubwa, atafute mahali atakapogusa kazi. Nimeona wanaorudi kutoka ofisi zenye hadhi wakiwa wamepanga mafaili muda wote, na wanaorudi kutoka kituo kidogo cha kuchunguza mbu wakiwa wanaweza kutenganisha anofelesi jike na kuleksi kwa kutazama tu vipapasi vya kichwani: kwa anofelesi jike vina urefu karibu sawa na mrija wa kunyonyea, kwa kuleksi jike ni vifupi. Huyo wa pili ana kitu cha kumwonyesha mwajiri.

Projekti ya mwaka wa mwisho ni ya kwako: swali lako, data zako, ripoti yako. Chagua swali dogo linalojibika. Anayetaka "kuchunguza athari za mabadiliko ya tabianchi kwa bioanuwai ya Tanzania" kwa semista moja ataandika maoni. Anayetaka kujua kama kaa wa mikoko ya Kunduchi ni wengi zaidi karibu na bahari kuliko upande wa nchi kavu ataleta majibu.

Kuhusu alama sitakawia. Kazi za muhula huchangia kama 40 na mtihani wa mwisho, yaani UE, kama 60, na GPA, yaani wastani wa alama, ya daraja la kwanza Mlimani inaanzia 4.4 kati ya 5. Ukifeli somo unapewa sapu, yaani mtihani wa marudio, ukishindwa tena kuna kerio, yaani kulibeba somo hilo mwaka unaofuata, na zaidi ya hapo ni disko, yaani kuondolewa chuoni. Wanaoangukia huko wengi hawakuwa wazito wa kichwa. Walikuwa wanaruka prakti wakitegemea kunakili ripoti za wenzao, na UE inapouliza kilichotokea maabara hawana cha kuandika.

Kazi je? Watu wanataja tu TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na nafasi za huko ni chache kuliko waombaji. Mwenye wanyamapori au zuolojia aangalie pia TAWIRI, ya utafiti wa wanyamapori. Wa majini aangalie TAFIRI, ya utafiti wa uvuvi, na wafugaji wa samaki, ambao wanaongezeka. Wa mikrobiolojia na molekuli wapo NIMR (utafiti wa magonjwa ya binadamu), Taasisi ya Afya Ifakara, maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, TMDA (dawa na vifaa tiba), TBS (viwango vya bidhaa), viwanda vya vyakula na vinywaji. Wa mimea wana mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu pale Arusha na vituo vya utafiti wa kilimo. Anayetaka kufundisha sekondari na hakuchukua kozi ya ualimu, kwa kawaida atahitaji stashahada ya uzamili ya ualimu baadaye, kwa hiyo kama moyo wake uko darasani aamue mapema, kwenye fomu ya udahili.

Na mzazi anayenipigia simu nitamwomba afanye jambo moja kabla ya kubofya kuthibitisha nafasi ya mwanawe. Afungue prospektasi ya chuo, atafute kozi aliyopata mwanawe, na aulize idara maswali haya: masomo mangapi yana prakti za kweli, mwanafunzi anakwenda fildi mara ngapi, takwimu zinafundishwa mwaka gani, na projekti ya mwisho ni ya lazima au ya hiari. Idara inayofanya kazi vizuri itajibu yote manne bila kusita, na mara nyingi itamkaribisha akaone maabara.