Maelekezo ya usakinishaji wa programu huria: maana yake na namna ya kuyaboresha

Maelekezo ya usakinishaji ni maandishi yanayomtoa mtumiaji kwenye kompyuta isiyo na programu fulani na kumfikisha mahali ambapo programu hiyo imo na inafanya kazi. Katika miradi ya programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, huwekwa kwa kawaida ndani ya faili liitwalo README, na katika miradi iliyofuata desturi ya GNU, mmoja wa miradi mikongwe ya programu huria, huwa na faili lake lenyewe, INSTALL. Maana hiyo ina mwanzo na mwisho, lakini maelekezo mengi huandika kilicho katikati tu: amri mbili tatu za kunakili na kubandika, bila kusema zimekusudiwa kompyuta ya namna gani, wala mtumiaji atajuaje kwamba amefika.

Upungufu huo mara chache hutokana na uvivu. Mwandishi wa maelekezo aghalabu ndiye aliyeiunda programu, na kompyuta yake imekwisha kusheheni kila kinachohitajika, kuanzia maktaba za msingi, yaani msimbo wa tayari ambao programu huutegemea, hadi toleo hasa la lugha aliyoitumia. Amri anayoiandika inafanya kazi kwake kwa sababu ya mambo aliyoyafanya zamani na kuyasahau, na mambo hayo ndiyo mtumiaji mgeni anayoyakosa.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka kwenye Python, lugha ya kuandikia programu. Kwa miaka mingi README nyingi zilimwambia mtumiaji wa Linux aandike `sudo pip install`, ikifuatiwa na jina la kifurushi. Amri hiyo, ambamo `sudo` humpa mtumiaji mamlaka ya msimamizi na `pip` ni zana ya kusakinisha vifurushi vya Python, iliweka kifurushi ndani ya Python ileile inayotegemewa na zana za mfumo wa uendeshaji, na mara nyingine zana hizo zikaharibika. Mwaka 2022 jumuiya ya Python ilipitisha pendekezo lijulikanalo kama PEP 668, linalowawezesha wasambazaji wa Linux, kama Ubuntu na Debian, kuweka alama ya kuizuia pip isiliguse eneo hilo. Ubuntu 23.04 ilitoka na alama hiyo Aprili 2023, na Debian 12 ikafuata mwezi Juni. Maelekezo yaliyokuwa yakifanya kazi kwenye matoleo ya nyuma yakawa hayafai kwenye matoleo hayo, ingawa hakuna aliyebadilisha hata herufi moja. Mtumiaji aliyeyafuata alipokewa na kosa `error: externally-managed-environment`, na chini ya ujumbe huo akaona imetajwa njia ya mkato, `--break-system-packages`, ambayo kama jina lake linavyoonya inaweza kuvunja mfumo wenyewe. Ni jambo la kusikitisha kwamba washauri wengi mtandaoni huitaja hiyo kwanza.

Tuchukue kifurushi cha Pillow, kinachotumika kushughulikia picha, tuone maelekezo yaliyoboreshwa yangekuwaje. Yangeanza kwa kutaja kwamba hatua hizi ni za Debian 12 au Ubuntu 23.04 na matoleo yaliyofuata. Kisha yangemtaka mtumiaji aandike `sudo apt install python3-venv`, ambapo `apt` ni zana ya mfumo ya kusakinisha vifurushi, kwa kuwa Debian hutenga sehemu hiyo na Python ya kawaida, na mwandishi aliyeisakinisha siku nyingi huwa hakumbuki kwamba aliwahi kuihitaji. Ndipo ingefuata `python3 -m venv mazingira`, inayotengeneza mazingira pepe, yaani folda inayojitegemea yenye Python yake na vifurushi vyake, halafu `source mazingira/bin/activate` ya kuingia humo, na mwisho `pip install Pillow`. Hapo sentensi moja zaidi inahitajika, nayo huachwa karibu kila mara: kuingia huko kunadumu katika dirisha lile la terminali, yaani la kuandikia amri, pekee. Mtu asiyeambiwa hivyo huzima kompyuta usiku, akaiwasha asubuhi, na kuamini kwamba programu yake imefutika.

Mwisho wa safari nao lazima uandikwe. Pillow husakinishwa kwa jina hilo, lakini ndani ya msimbo huitwa `PIL`, kwa hiyo anayejaribu `import Pillow` atapata kosa hata kama usakinishaji umefaulu. Amri moja ya kuthibitisha, `python -c "import PIL; print(PIL.__version__)"`, ikiambatana na maelezo kwamba inatakiwa ionyeshe namba ya toleo, inamaliza utata huo. Alama ya `$` inayowekwa mbele ya amri iondolewe pia, kwa sababu mgeni huinakili pamoja na amri yenyewe.

Jambo jingine ambalo ni nadra kutajwa ni ukubwa wa kinachopakuliwa. PyTorch, maktaba ya Python ya kufundisha mashine, katika toleo lake la kawaida kwa Linux huja na maktaba za kadi za michoro za NVIDIA, na mzigo wote huweza kuzidi gigabaiti 2, ilhali toleo la CPU (kichakato kikuu cha kompyuta) pekee ni dogo kwa mbali. Ukurasa wake wa usakinishaji humtaka mtumiaji achague mfumo wake na kama anahitaji CUDA, yaani toleo linalotumia kadi za NVIDIA, au CPU, kisha humpa amri inayolingana na uchaguzi wake, utaratibu unaofaa kuigwa. Hata hivyo, kwa anayelipia bando, sentensi moja ya kutaja ukubwa ingekuwa na faida kuliko aya nzima ya sifa za programu.

Njia ya uhakika ya kuyapima maelekezo ni kuyafuata neno kwa neno kwenye mfumo mtupu. Kwa mwenye Docker, zana ya kuendesha mifumo midogo iliyotengwa iitwayo kontena, `docker run -it debian:12 bash` inatosha, na matokeo yake hufunza haraka: ndani ya kontena hilo hamna Python, hamna hata `sudo`, na orodha ya vifurushi ni tupu mpaka iandikwe `apt update`. Kila kinachokwama hapo ni hatua iliyorukwa, isipokuwa `sudo` yenyewe, kwa kuwa ndani ya kontena mtumiaji tayari ni msimamizi. Miradi yenye nidhamu huliacha zoezi hili lijiendeshe lenyewe kila msimbo unapobadilika, na pia kwa ratiba, kwani mfano wa Debian unaonyesha kwamba maelekezo huweza kuchakaa bila mradi wenyewe kuguswa.

Anayetaka kuchangia marekebisho haya hahitaji kuwa mtaalamu wa msimbo, na kwa kweli mgeni ana nafasi nzuri zaidi kuliko mtunzaji wa mradi. Atakachopeleka ni jina na toleo la mfumo wake, amri aliyoiandika, kosa lililotokea likiwa limenakiliwa lote, na hatua iliyomtoa kwenye mkwamo. Anayeandika maelekezo kwa Kiswahili auache ujumbe wa kosa kama unavyoonekana kwenye skrini, kisha aueleze chini yake, kwa sababu atakayekwama baadaye ataunakili ujumbe huohuo na kuutafuta.