Peptaidi ya ubongo ni kitu gani, na hiyo Semax imetokea wapi

Kwa ufupi, peptaidi ya ubongo ni kipande kifupi cha protini kilichotengenezwa maabara, mtu anakitumia akitegemea kitamsaidia kukumbuka vizuri, kushika mambo haraka na kukaa na fokasi muda mrefu. Wengine wanaziita nutropiki za peptaidi. Ziko kadhaa ila inayotajwa zaidi ni Semax, inafuatiwa na Selank, kwahiyo hapa ntakomaa na Semax maana ukiielewa hiyo zingine hazikupi shida.

Mimi nafanya kazi duka la dawa hapa Dodoma mjini, na kikikaribia kipindi cha UE, ile mitihani ya mwisho wa muhula, pale UDOM, chuo kikuu cha Dodoma, maswali ya namna hii yanakuwa mengi, dogo anakuja anauliza dokta mna kitu cha kuongeza akili, mna kitu cha kumfanya mtu asome usiku kucha asisinzie. Zamani waliishia kwenye enaji na vidonge vya vitamini. Sasa hivi wapo wanaokuja na jina kamili limeandikwa kwenye simu, na pale kaunta huwa hamna muda wa kuelezea mtu akaelewa wakati wengine watano wanasubiri nyuma yake, ndo maana nimeona niandike.

Tuanze na peptaidi yenyewe. Protini zote, za maharage, za nyama, za kwenye mwili wako, zimeundwa na vitu vidogo vinaitwa asidi amino ambavyo vinaungana kimoja nyuma ya kingine kama mabehewa ya SGR. Treni ikiwa ndefu sana tunaita protini, ikiwa fupi tunaita peptaidi, basi. Sio kitu kigeni hata kidogo, insulini anayojichoma mgonjwa wa kisukari ni peptaidi yenye asidi amino 51, na oksitosini anayochomwa mama akishajifungua ili asitokwe na damu nyingi ni peptaidi ya asidi amino 9 tu. Mwili wenyewe unatengeneza peptaidi kibao kila siku na nyingi kazi yake ni kupeleka ujumbe kutoka kiungo hiki kwenda kile. Kwahiyo anayekwambia peptaidi ni salama kwasababu ni kitu cha asili hajakwambia chochote, maana hata sumu za baadhi ya nyoka na nge ni peptaidi. Cha kuuliza ni peptaidi ipi, ina ushahidi gani, na nani kaitengeneza.

Alafu kuna hilo neno nutropiki. Aliyelianzisha ni mwanasayansi wa Romania, Corneliu Giurgea, mwaka 1972, na yeye ndo aliyetengeneza pirasetamu mwaka 1964 akiwa kwenye kampuni ya UCB ya Ubelgiji. Giurgea hakulitoa hilo jina ovyo, aliweka masharti: kitu kisaidie kujifunza na kumbukumbu, kiukinge ubongo usidhurike, kisimpandishe mtu mzuka wala kumlaza, na madhara yake yawe madogo sana. Kwa masharti hayo kahawa haimo, enaji haimo, mirungi ndo kabisa, maana vyote hivyo vinakesha na wewe tu, na kukesha ni kitu kingine na kukumbuka ulichosoma ni kitu kingine. Siku hizi kila muuzaji anabandika hilo jina kwenye chochote kile.

Sasa Semax. Hii hadithi yake naipenda kwasababu ni sayansi ya kweli kabisa, na watu wanaoiponda bila kuisoma wanaikosea. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo inaitwa pituitari, inatoa homoni moja inaitwa ACTH yenye asidi amino 39, na kazi yake kubwa ni kwenda kuziambia tezi zilizokaa juu ya figo zitoe kotisoli, ile homoni ya stresi. Miaka ya 1960 huko Uholanzi, David de Wied na wenzake walikuwa wanaitoa hiyo tezi kwa panya, wakaona wale panya wanakuwa wazito kujifunza, wakiwapa ACTH wanarudi kujifunza. Kilichowashangaza ni kwamba hata ukiwapa kipande kidogo tu cha ACTH, kipande ambacho hakina uwezo wa kuzisukuma zile tezi za juu ya figo, bado wanajifunza. Maana yake kuna sehemu ya ile homoni inaongea na ubongo moja kwa moja, haina habari na kotisoli.

Tatizo likawa moja, kipande hicho kikiingia mwilini vimeng'enya vinakikatakata ndani ya muda mfupi sana. Miaka ya 1980 wanasayansi wa Moscow, akiwemo Igor Ashmarin wa chuo kikuu cha pale na Nikolai Myasoedov wa Taasisi ya Jenetiki ya Molekuli, wakachukua behewa nne kutoka kwenye ile ACTH, yaani methionini, asidi glutamiki, histidini na fenilalanini, alafu nyuma yake wakafunga behewa tatu za kwao wenyewe, prolini, glisini, prolini. Huo mkia wa tatu ndo ujanja wote, vimeng'enya vinapata shida kuuvunja kwahiyo kitu kinadumu zaidi. Jumla behewa saba, hiyo ndo Semax. Selank nayo wameifanya hivohivo, wamechukua peptaidi ya asidi amino nne inayohusika na kinga ya mwili, inaitwa tuftsini, wakaifunga mkia uleule, ila yenyewe imelengwa kwenye wasiwasi zaidi kuliko kumbukumbu.

Haimezwi. Ukiimeza tumbo linaimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama ya kongwa, na ndo sababu hiyohiyo insulini haipo ya kidonge cha kawaida. Semax ilivyotengenezwa kama dawa ni ya matone ya puani, inapita kwenye ngozi laini ya ndani ya pua na sehemu yake inafika kwenye ubongo.

Ikifika inafanya nini? Kitu kinachotajwa sana ni BDNF, hiyo ni protini ambayo ubongo unaitumia kulisha seli zake za neva na kuimarisha miunganiko kati yao, hasa kwenye haipokampasi, sehemu inayohusika na kuweka kumbukumbu mpya. Mwaka 2006 watafiti wa Urusi walionyesha kwamba panya waliopewa Semax BDNF ilipanda kwenye haipokampasi. Hapo ndo mtandao mzima umejengwa juu yake, ukisikia mtu anasema Semax inaotesha ubongo ujue anaongelea panya wale.

Kwa binadamu, Semax ni dawa halali Urusi, iko hadi kwenye orodha yao ya dawa muhimu. Kuna ya asilimia 0.1 na kuna ya asilimia 1, na ile kali zaidi matumizi yake makubwa ni mgonjwa aliyepata kiharusi, wanatumia pia kwenye magonjwa ya mshipa wa neva wa jicho. Marekani FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, haijaidhinisha, na tafiti zake nyingi ziko kwa Kirusi, zimefanyika hukohuko, na nyingi zina watu wachache.

Hapa naomba usome taratibu. Ubongo wa mtu aliyepata kiharusi una eneo limekosa damu, seli zinakufa, BDNF na ulinzi wa aina hiyo ndo anachohitaji. Wewe mwaka wa pili una ubongo mzima, hamna kinachokufa mle. Kitu kuokoa ubongo ulioumia hakimaanishi kitauongeza ubongo mzima, na tafiti zilizofanywa kwa watu wazima wa afya ni chache, ndogo, za muda mfupi, hazitoshi kumwambia mtu yeyote atumie miezi mitatu mfululizo ili apate GPA. Anayekuahidi hivyo anauza.

Na hata tukisema Semax inafanya kazi vizuri kabisa, bado kuna jambo ambalo mi ndo linaniumiza zaidi. Kijana mmoja alikuja na kichupa anataka nimuuzie maji ya sindano na sirinji za insulini. Nikamwomba nikione. Kichupa kidogo cha kioo, kizibo cha mpira kimebanwa na alumini, chini kuna unga mweupe umegandia pale, ukikigeuza hautikisiki. Lebo imeandikwa Semax, imeandikwa miligramu, alafu chini kwa maandishi madogo sana ya Kiingereza inasema ni kwa ajili ya utafiti wa maabara tu, isitumiwe na binadamu. Hamna jina la kiwanda. Hamna namba ya bechi. Hamna tarehe ya kuisha. Nikamsomea ile sentensi, akasema dokta hiyo wanaweka tu kukwepa sheria. Nikamuuliza mbona sindano wakati dawa yenyewe ni ya puani, akasema kwenye video wanachoma tumboni.

Alikuwa na akili nyingi yule dogo, amesoma, ananitajia na BDNF. Kitu ambacho hakuna aliyemwambia ni kwamba Semax aliyoisoma na kile kichupa vinashea jina tu. Dawa ya puani ya Urusi imetengenezwa kiwandani chini ya usimamizi, kila bechi inapimwa. Unga ule nani kaupima? Wauzaji wanaonyesha sefitiketi ya maabara, sawa, lakini ile karatasi inapima sampuli fulani kwamba usafi wa kemikali ni asilimia kadhaa, haikwambii kama ni sampuli ya kichupa chako na mara nyingi haisemi chochote kuhusu vijidudu wala sumu zinazoachwa na bakteria, na hizo ndo zinazomletea mtu homa kali na kutetemeka akichoma. Kitu unachokula kikiwa kichafu kidogo tumbo na ini vinajitahidi kukizuia, sindano inavipita vyote.

Alafu utunzaji. Unga mkavu unavumilia kiasi, ila ukishachanganya na maji peptaidi inatakiwa ikae kwenye friji. Nikamuuliza unakaa wapi, akasema kapanga Ng'ong'ona, chumba cha bati, friji hana, anaiweka kwenye begi. Mwezi wa kumi na moja hapa Dodoma unajua chumba cha bati mchana kinakuwaje. Na wanachangia, yeye na rumeti wake, hela ya bumu wameweka pamoja. Nilimkazia sana kuhusu kuchangia sindano, homa ya ini B na HIV havijali kwamba mlikuwa mnasoma. Sirinji sikumuuzia na alikasirika, akaondoka na kichupa chake.

Kabla hajaondoka nlimuuliza analala saa ngapi. Saa tisa usiku anaamka saa kumi na mbili. Kumbukumbu za ulichosoma mchana zinapangwa ukiwa umelala, na hiyo BDNF anayoitafuta kwa hela inapanda kwa mazoezi ya kawaida ya kukimbia, hilo limepimwa kwa panya na kwa watu pia. Sisemi hivyo kumpuuza mtu mwenye sapu tatu, najua presha ya nyumbani ilivyo, mzazi kauza ng'ombe ukafika chuo.

Ila kama unasahau kupita kiasi, unasoma ukurasa mmoja mara nne hauingii, usikimbilie kununua kitu, kapime. Upungufu wa damu unafanya hivyo, tezi ya shingo ikifanya kazi chini ya kiwango inafanya hivyo, sonona na wasiwasi vinafanya hivyo sana tu, na vyote vina matibabu. Hospitali ya Benjamin Mkapa iko palepale karibu na chuo. Na Mirembe msiogope jina, ni hospitali ya taifa ya afya ya akili na mtu akienda kule kwa sababu ya kukosa usingizi na wasiwasi wa mitihani hamna anayemfungia ndani, anaongea na mtaalamu anarudi bweni.

Jina la dawa yoyote unaloliona mtandaoni unaweza kulitafuta kwenye orodha ya dawa zilizosajiliwa, iko kwenye tovuti ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, na ni bure. Kichupa kilichoandikwa chenyewe kwamba sio cha binadamu hata usijisumbue kukitafuta.

Na kama tayari ushachoma au ushaweka puani, ukaona homa, uvimbe au wekundu pale ulipochoma, mapigo ya moyo kwenda mbio, kichwa kuuma kusikoisha, usikae ndani ukisubiri. Nenda hospitali na kichupa chenyewe usikitupe, mtajie daktari jina na siku uliyoanza, usifiche kwa kuona aibu, sisi tunachotaka ni kujua umeingiza nini ili tujue tuanzie wapi. Ukiwa mjamzito au una kifafa sema mapema kabisa. Taarifa ya madhara inajazwa kwenye fomu inapelekwa TMDA, mwambie anayekuhudumia aijaze, maana kuna wengine wameagiza kichupa hichohicho kutoka kwa muuzaji huyohuyo.