Vitamini "ilishajaribiwa kwa wazee", lakini wazee gani?

Pale Kadutu, Bukavu, utasikia: hii vitamini ilishajaribiwa kwa wazee, basi mpelekee mama itamsaidia mifupa. Wengi tunaamini hivyo na ninaelewa, nani anataka mzazi wake avunjike nyonga?

Ila tuangalie nani walimeza zile komprime. Kuna utafiti mukubwa wa vitamini D ulifanyika Marekani, watu 25,871, wanaume wa miaka 50 kwenda juu na wanawake 55 kwenda juu, wenye walishaugua kansa ao mshtuko wa moyo hawakuingizwa, na wengi vitamini D ilikuwa inatosha tayari mwilini. Matokeo ya mifupa yalitoka 2022: wenye kumeza vitamini walivunjika karibu sawa na wenye kumeza komprime tupu, zisizo na dawa ndani. Hiyo haisemi vitamini ni kazi bure kwa kila mutu, juu bibi mwenye hatoki nyumbani, anakula bugali na sombe kidogo mara moja kwa siku, hafanani na wale.

Ukipata ripoti ya utafiti kwenye intaneti, tafuta tablo ya kwanza, kwa kawaida njo inaonyesha umri, uzito, magonjwa ya washiriki. Pitisha kidole mstari kwa mstari: huyu anafanana na mama yangu? Kama hapana, daktari amupime kwanza, na umubebee daktari dawa zote mama anameza, juu vitamini K kwa mfano inapunguza nguvu ya dawa fulani za kuzuia damu isigande.