Kura nyingi, viti vichache: hesabu ya Saint Vincent

Nikiulizwa mfumo wa majimbo unavyoweza kugeuza matokeo, mfano wangu wa kwanza ni Saint Vincent na Grenadines, nchi ya visiwa vya Karibi yenye watu kama laki moja. Huko hakuna kura ya rais. Mwananchi humchagua mbunge wa jimbo lake tu, majimbo ni 15, na chama chenye viti 8 huunda serikali.

Vyama vikuu ni viwili, ULP (Unity Labour Party) na NDP (New Democratic Party). Juni 1998, ULP ilipata karibu asilimia 55 ya kura nchi nzima, NDP 45. Viti je? ULP 7, NDP 8. James Mitchell wa NDP akabaki waziri mkuu. Matokeo kama hayo hayahitaji wizi. Ukishinda jimbo kwa kura 2,000 au kwa kura 5, unapata kiti kilekile kimoja. Zilizozidi haziendi kukusaidia jimbo la jirani. Isitoshe, majimbo mawili ya visiwa vidogo vya Grenadines, ngome za NDP, yana wapiga kura wachache kuliko mengi ya kisiwa kikuu.

Serikali ile haikumaliza muda wake. Mwaka 2000 muswada wa kuwaongezea wabunge mafao uliwaleta watu barabarani, CARICOM, jumuiya ya nchi za Karibi, ikasuluhisha, na Machi 2001 ULP ya Ralph Gonsalves ikazoa viti 12.

Kinachoniuma ni kilichofuata. Mwaka 2020 NDP ilivuka kidogo nusu ya kura, lakini ULP ikachukua viti 9 kwa 6. Chama kilichodhulumiwa na hesabu hii kilikaa madarakani karibu miaka 20 bila kuibadili, safari hii kikanufaika nayo!

Na dawa haiko mbali. Bunge lao ni moja, na ndani yake wapo maseneta 6: wanne huteuliwa kwa ushauri wa waziri mkuu, wawili kwa ushauri wa kiongozi wa upinzani. Tuseme viti hivyo 6 vigawiwe kufidia, ili jumla ya viti 21 ilingane na kura. Mwaka 1998 ULP ingepewa 4 na kufika 11, NDP 10. Mwaka 2020 NDP ingepewa 5, nayo ifike 11 dhidi ya 10. Mara zote mbili serikali ingeundwa na chama kilichopata kura nyingi, na hakuna mpaka wa jimbo hata mmoja ambao ungehitaji kuguswa.